Maduka Mawili, Madaftari Mawili

Aghalabu riwaya zinazosimulia wanawake wandani waliofungua duka la vitabu kwa ushirika huwa na dawa moja ya kila ugonjwa, nayo ni mapenzi ya vitabu: kodi ya pango hulipwa pasipo msomaji kuelezwa ilikopatikana, wadai hawabishi hodi, na ugomvi ukitokea huwa ni wa moyo, si wa sanduku la fedha. Kerri Maher, Mmarekani aliyetoa riwaya ya The Paris Bookseller mwaka 2022, alibahatika kuokota hikaya ya kweli, ile ya Sylvia Beach na Adrienne Monnier, ambao usuhuba wao, na mtunzi hafichi kwamba ulikuwa na mahaba ndani yake, ulianza Paris mwaka 1917 na kudumu mpaka mauti ya Adrienne mwaka 1955. Lakini lipo jambo katika hikaya hiyo ambalo msomaji wa riwaya aweza kulipita bila kulisimamia, ilhali kwangu mimi ndilo kiini chake: wandani hawa hawakufungua duka pamoja. Walifungua mawili, kila moja na daftari lake.

Adrienne ndiye aliyetangulia. Mnamo Novemba 1915, vita vikiwa vimepamba moto na vijana wa Ufaransa wamo mahandakini, alifungua La Maison des Amis des Livres katika nyumba namba 7 ya rue de l'Odéon, kwa fidia aliyolipwa baba yake, mtumishi wa posta aliyeumia katika ajali ya treni. Sylvia, binti wa mchungaji wa Kimarekani, alifika hapo akitafuta jarida la mashairi, na kabla hajatulia, upepo ukampokonya kofia ukaibiringisha katikati ya njia; Adrienne, kwa sketi yake ndefu iliyomfanya aonekane nusu mtawa, nusu mwanamke wa shamba, akaikimbilia, akaikamata, akaipangusa vumbi na kumrudishia mwenyewe. Sylvia amelihadithia jambo hili katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1959, nami naliamini, kwani mwenye kubuni angalitafuta kitu chenye haiba kuliko kofia.

Nia ya kwanza ya Sylvia ilikuwa kufungua tawi la duka la sahibu yake mjini New York, na lau gharama zisingalimkatalia, angaliishi maisha yake yote akiwa wakala wa mtu anayempenda, hali ambayo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Badala yake alimpelekea mama yake telegramu ya kuomba fedha, mama akatoa akiba yake, dola 3,000, na tarehe 19 Novemba 1919 Shakespeare and Company likafunguliwa rue Dupuytren, katika chumba kilichokuwa zamani duka la dobi, kisha mwaka 1921 likahamia namba 12 ya rue de l'Odéon, likitazamana na la Adrienne. Huyu aliuza na kuazimisha vitabu vya Kiingereza, yule vya Kifaransa, na mteja aliyekosa haja yake upande mmoja alielekezwa ng'ambo ya pili. Kuazimisha ndiko kulikoleta riziki, maadamu vitabu vya Kiingereza vilikuwa ghali mno kwa mtu mwenye faranga mkononi. Hata hivyo Hemingway, kwa maelezo yake mwenyewe, aliingia dukani hana fedha za ada, akaandikishwa papo hapo na kuambiwa alipe atakapopata. Watu wa pwani husema mali bila daftari hupotea bila habari. Sylvia alikuwa na daftari, ila lilikuwa laini kwa waandishi.

Na hakuna aliyeujua ulaini huo kuliko James Joyce. Riwaya yake, Ulysses, ilikuwa imehukumiwa Marekani kuwa ni uchafu, na Sylvia, ambaye hakuwahi kuchapisha hata kijitabu, akajitolea kuitoa. Nakala zilikuwa 1,000: 100 zenye sahihi ya mwandishi kwa faranga 350 kila moja, 150 kwa faranga 250, na 750 zilizobaki kwa faranga 150, na wanunuzi walijiandikisha kitabu kingali kwa mchapaji Darantière huko Dijon. Joyce aliongeza maneno pembeni mwa prufu hata takriban theluthi ya kitabu ikazaliwa humo, na gharama ya kila nyongeza ikamwangukia Sylvia. Nakala mbili za kwanza zilifika kwa treni asubuhi ya tarehe 2 Februari 1922, mkononi mwa kondakta, siku mwandishi alipotimiza umri wa miaka 40.

Miaka tisa baadaye, Mei 1931, Joyce akiwa bado anachota dukani kama kwamba kisima hakikauki, alipelekewa barua isiyo na tashtiti wala upole, ikimwambia kwamba dhana ya watu kuwa yeye hajali fedha ni batili, na kwamba wanawake wale wawili hawana tena cha kutoa. Barua hiyo haikutoka kwa Sylvia. Ilitoka kwa Adrienne, ambaye sanduku lililokuwa likikombwa halikuwa lake, na kwa hiyo aliweza kuliona lilivyo. Mwaka uliofuata haki ya kuchapisha Ulysses Marekani ikaenda kwa Random House, na Sylvia hakulipwa chochote.

Alipokaribia kufunga, mwaka 1936, André Gide na waandishi wenzake waliunda jumuiya ya kuliauni duka, kila mwanachama akitoa faranga 200 kwa mwaka na kupata ruhusa ya kuhudhuria visomo, na T. S. Eliot akavuka kutoka Uingereza kuja kusoma. Msaada huo ulilipa duka pumzi hadi mwaka 1941, ambapo Sylvia, chini ya utawala wa Wajerumani, alilifunga kwa mkono wake mwenyewe. La Adrienne liliendelea kuwa wazi.