Viatu vilivyo chini ya kitanda

Ndugu msomaji, chini ya vitanda vya vijana wetu kuna mambo mengi yasiyosemwa. Leo natutazame jambo moja tu: jozi ya njumu ambayo baba aliinunua kwa fedha ya kahawa, na ambayo mwenye kununuliwa hataki tena kuivaa.

Tuseme nyumba hiyo ipo Ijuganyondo, katika Manispaa ya Bukoba, mahali ambapo mji na kibanja huishi pamoja. Mtu atoka kazini mjini, na afikapo kwake avua viatu na kuingia migombani. Nyumba hii ni ya mfano, kwa hiyo haina jina. Lakini msomaji akijikuta amekaa ndani yake, asishangae.

Kijana wa nyumba hiyo yuko kidato cha pili. Amecheza kandanda tangu darasa la nne, na majirani humwita “mchezaji wetu”. Baba yake humchukua kila apatapo nafasi kwenda Kaitaba, uwanja ule wa mjini ambako watu wa Kagera huishangilia timu yao, naye humwonyesha kwa kidole: “Siku moja utasimama pale.” Msimu wa kahawa uliopita baba aliuza, akalipa madeni ya duka, akanunua mabati mawili badala ya matatu yaliyokusudiwa, na thamani ya bati la tatu ikawa njumu.

Sasa mwalimu wa michezo ameona jambo ambalo baba hajaliona. Mpira humpita kijana huyu, bali mbio hazimpiti. Mwalimu amemwita kwenye riadha, akamjaribu mita 1,500, naye kijana amegundua furaha ambayo hakupata kuijua akiwa na mpira mguuni. Ila hajasema nyumbani. Wiki ya tatu sasa, hutoka na njumu begani, akifika shuleni huzificha na kukimbia peku. Jioni huzipaka tope kidogo, ili zionekane zimetumika.

Hiyo, ndugu msomaji, ndiyo gharama ya kwanza ya kubadili mchezo, nayo haiandikwi kwenye stakabadhi yoyote. Mtoto mwema ameanza kusema uongo, si kwa ubaya wa tabia, bali kwa sababu anawahurumia wazazi wake na anawaogopa.

KUBADILI SI KUSHINDWA

Wazazi wengi husikia neno “nimeacha” pale mtoto anaposema “nimebadili”. Yafaa tukumbuke kwamba mwili wa kijana haujamaliza kuamua utakuwa wa namna gani. Aliyekuwa mfupi katika darasa la saba huenda akawa mrefu kuliko wote kidato cha tatu. Na mwenye kasi utotoni huenda pumzi ndiyo ikawa hazina yake ukubwani.

Mifano ipo, tena haiko mbali. Ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Kagera, huko Uganda, alikuwako askari polisi aliyeitwa John Akii-Bua. Alianza kwa kuruka viunzi katika mbio fupi za mita 110. Kocha wake, Mwingereza Malcolm Arnold, alimhamishia mita 400 kuruka viunzi. Katika Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, akiwa amepangwa njia ya kwanza ambayo kona zake ni kali kuliko zote, Akii-Bua alishinda kwa sekunde 47.82. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kuzikimbia mbio hizo chini ya sekunde 48, na aliipatia nchi yake medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki.

Kwetu hapa, Filbert Bayi aliushangaza ulimwengu kule Christchurch mwaka 1974 alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwamo, zilisusia Michezo ya Montreal, na nafasi hiyo ikampita. Ilipofika Moscow mwaka 1980 Bayi alikimbia mbio nyingine, zile za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akatwaa medali ya fedha. Medali hiyo, pamoja na ile ya Suleiman Nyambui ya mita 5,000 katika Michezo hiyo hiyo, ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata hata leo.

Na yuko Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyeanza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, umri ambao wengi wetu tungesema amechelewa. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi kubwa ya Marekani, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo.

Hatusemi kwamba kila abadiliye mchezo atafika huko. La hasha! Wengi hawatafika, na mzazi anayetoa fedha kwa kungojea medali anajiandalia huzuni. Tunachosema ni kwamba kuhama kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine si utovu wa shukrani. Mapafu aliyoyajenga uwanjani mwa mpira, na desturi ya kuamka mapema na kumtii mwalimu, vyote huhama pamoja naye.

CHUNGU CHA WENGI NA CHUNGU CHA MMOJA

Hata hivyo fedha ni fedha. Wako wasemao kuwa riadha haina gharama, kwa kuwa mtu hukimbia kwa miguu yake mwenyewe. Hilo si kweli, na kijana asimdanganye mzazi wake kwa maneno hayo.

Kandanda ni chungu cha wengi. Mpira mmoja huchezewa na watu 22. Jezi ni za timu, na timu isafiripo gari hukodiwa kwa mchango wa wote. Riadha ni chungu cha mmoja: viatu ni vyake, na akisafiri peke yake nauli yote humwangukia yeye. Viatu vya kukimbilia navyo huisha haraka kwa anayefanya mazoezi kila siku barabarani. Mpira wa kikapu wataka kiwanja kigumu na viatu vya kuruka. Ngumi zataka glovu na kinga ya meno. Kuogelea kwataka bwawa na mwalimu, hata kwa sisi tulio kando ya Ziwa Viktoria, kwa maana ziwa lenye mawimbi si mahali pa kumwachia mtoto peke yake.

Lakini gharama kubwa mara nyingi si ile ionekanayo dukani. Tuseme mazoezi ya mchezo mpya yako mjini, siku tatu kwa wiki. Kwenda na kurudi ni safari sita kwa wiki, safari 24 kwa wiki nne. Kama nauli ya safari moja ni shilingi 500, basi kwa wiki nne ni shilingi 12,000, na kwa muda wa wiki kumi na mbili ni shilingi 36,000. Baba aliyejiandaa kwa bei ya viatu atashtuka kuona nauli imevishinda viatu. Ongeza chakula: mtoto anayekimbia kila siku hula zaidi, na ndizi zatoka kibanjani, bali maharage, maziwa na dagaa huenda vikanunuliwa. Ongeza pia siku ya kuumia, kwa maana hakuna mchezo usioumiza.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ada ya shule za serikali ilifutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, lakini kila mzazi ajua kwamba sare, madaftari na michango mingine bado vyatoka mfukoni mwake. Mchezo utakaa humo humo mfukoni, pamoja na dawa ya bibi na sketi ya shule ya dada. Ni haki wote hao wahesabiwe. Haifai dada akose daftari ili kaka apate viatu, wala haifai kaka apewe mchezo kwa kuwa ni mvulana, na dada mwenye mbio kama zake aambiwe arudi jikoni.

FEDHA ILIYOKWISHA TUMIKA

Turudi kwenye njumu. Hasira ya baba tunaielewa. Bati la tatu halikununuliwa, na mvua za Novemba zinapoingia kwa tundu hilo, yeye ndiye aamkaye usiku kuweka sufuria. Kijana asiseme kwa wepesi, “Ni viatu tu.” Si viatu tu.

Lakini, ewe mzazi, fikiri nawe. Ukimlazimisha mwanao acheze kandanda miaka miwili zaidi ili “fedha isipotee”, je, bati litarudi? Halitarudi. Utakachopata ni kijana achezaye bila moyo, na njumu nyingine utakazotakiwa kununua mguu utakapokua. Fedha ile ilikwisha fanya kazi yake: ilimpa mtoto mchezo, marafiki, na jioni zisizo za uzururaji. Haikuwa mkopo. Mzazi akigeuza kila alichompa mwanawe kuwa deni, mtoto atajifunza kuficha mahitaji yake, na siku ya hitaji kubwa hatakuja kwake.

Njumu zenyewe bado zina thamani. Mdogo mtu aweza kuzirithi. Zaweza kuuzwa, kwa ridhaa ya baba na fedha ikamrudia mkononi mwake, ili yeye ndiye aamue iende wapi. Zaweza kupewa timu ya shule kwa mtoto asiye nazo. Jambo moja tu ni mwiko: kijana kuziuza kwa siri. Huo ungekuwa mlango wa mengine.

NAMNA YA KUSEMA

Kijana, chagua saa. Usimwendee baba akiwa ametoka kwenye mizani na bei haikumridhisha, wala mbele ya wageni. Ngoja chakula kiishe. Wala usimtume mama akusemee kwa kunong'ona, au akupe nauli kwa siri kutoka fedha ya chumvi. Hapo umewagombanisha wazazi wako kwa ajili ya mbio. Wakute wote wawili pamoja.

Anza kwa kushukuru, kisha kiri uongo wa wiki tatu kabla hujaomba chochote. Halafu toa karatasi yenye mafungu matatu: kinachohitajika sasa, kinachoweza kungoja, na utakachokitafuta mwenyewe. Fungu la tatu lisiwe tupu. Kuchuma kahawa kwa jirani siku ya Jumamosi ni kazi halali. Msimu wa senene ufikapo, vijana wa Bukoba wajua namna ya kupata shilingi kabla jua halijapanda. Kijana aletaye hata robo ya gharama huongea na baba yake kwa sauti nyingine.

Omba muhula mmoja wa majaribio, si ahadi ya miaka. Katika muhula huo azima viatu kama vinapatikana, na mkubaliane mapema juu ya masomo: alama zikishuka, mazoezi yapungue. Mashindano ya UMISSETA, yanayokutanisha wanafunzi wa sekondari, yana riadha, mpira wa wavu, wa pete, wa kikapu na mingineyo. Mchezo mpya waweza kupimwa huko kabla familia haijaingia gharama kubwa.

Nawe mzazi, nenda shuleni ukamwone mwalimu huyo uso kwa uso. Muulize anaona nini kwa mwanao, mazoezi ni saa ngapi, nani huwasindikiza watoto giza liingiapo. Na kwa binti, swali hili la mwisho liulize mara mbili. Akitokea mtu anayedai fedha nyingi kwa ahadi ya kumpeleka mtoto ng'ambo, funga mfuko wako kwanza, ndipo umsikilize.

Na kama huna, sema huna. “Mwaka huu haiwezekani, mwanangu, kwa sababu hii na hii, tutazame tena kahawa ikiuzwa.” Neno hilo huuma, lakini mtoto aliyeonyeshwa daftari la nyumba hulielewa. Hapana ya hasira, isiyo na sababu, ndiyo ambayo watoto huibeba hadi uzeeni.

Pale Ijuganyondo, katika nyumba yetu ya mfano, chakula kimekwisha na taa imewashwa. Kijana amesema yote, pamoja na ule uongo wa tope. Mama ametazama chini. Baba amenyamaza muda mrefu, karatasi mkononi, akiisoma mara ya pili. Kisha anainama, anazivuta njumu kutoka chini ya kitanda, anazigonganisha nje ya mlango tope likaanguka, na kuuliza bila kumtazama mtu:

“Mdogo wako, mguu wake umefika wapi?”