Mchezo Unapojikongoja Katika Kompyuta ya Nyumbani

Natumaini mmekwisha kuketi, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya: prosesa, kadi ya picha, kumbukumbu, diski.

Leo tutazungumza juu ya jambo linalowasumbua wazazi wengi. Kijana anacheza mchezo wa mpira katika kompyuta. Mchezaji anapiga mpira, picha inaganda, na mara mpira umekwisha kuingia golini. Kijana analalamika, "Baba, kompyuta hii imezeeka. Tununue nyingine." Nawe unaanza kuhesabu fedha za ada ya shule. Ngoja! Usitoe fedha kabla ya kujua ugonjwa.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Picha inayokwenda katika kioo cha kompyuta ni picha nyingi zilizotulia, zinazofuatana upesi hata jicho likadhani ni kitu kimoja kinachotembea. Sinema kwa kawaida huonyesha picha 24 kila sekunde, nazo zilitengenezwa zamani. Lakini mchezo huchorwa papo hapo, maana kompyuta haijui kijana atabonyeza nini. Mchezo huenda vizuri ukipata picha 60 kila sekunde. Ukipata 30, bado wachezeka. Ukishuka chini ya hapo, macho huona kusitasita.

Sasa fikirini watu wanaojenga nyumba. Prosesa ni msimamizi: hupiga hesabu mpira uende wapi na nani ameguswa. Kadi ya picha ni mwashi: huchora kila picha. Kumbukumbu ni jukwaa linalobeba vifaa vya kazi ya sasa. Diski ni ghala. Mmoja akichelewa, wote hungoja. Ukimfukuza mwashi hodari, kumbe matofali ndiyo yanayochelewa kutoka ghalani, umepoteza fedha bure. Basi kazi yetu ni moja: kumtafuta anayechelewa.

Jiulize maswali haya kwa utaratibu.

La kwanza. Je, zamani mchezo huu ulikwenda vizuri katika kompyuta hii hii? Kama haukuwahi, soma orodha ya mahitaji inayotolewa na wenye mchezo, uilinganishe na kompyuta yako. Labda mzigo ni mkubwa kuliko punda. Lakini kama ulikwenda vizuri, kuna kitu kimebadilika, nacho huenda kikarekebishwa.

La pili. Je, mchezo huanza vizuri, kisha huchoka baada ya dakika kumi au ishirini? Hapo shuku joto. Prosesa na kadi ya picha zikipata joto kali hupunguza mwendo zenyewe ili zisiharibike. Tazama matundu ya hewa. Yamezibwa na vumbi? Zima kompyuta, chomoa umeme, uyasafishe kwa brashi laini. Kama ni kompyuta mpakato, isiwekwe juu ya godoro, bali juu ya meza. Tena ichomekwe katika umeme, kwa sababu nyingi hupunguza nguvu zikitumia betri.

La tatu. Je, mchezo unachezwa kwa intaneti? Kama picha inakwenda laini, lakini wachezaji wanaruka au wanarudishwa nyuma, kosa huenda ni la mtandao. Jaribu kucheza bila mtandao, kama mchezo unaruhusu. Ukiwa mzuri, kompyuta mpya haitakusaidia kitu.

La nne. Hesabu zinasemaje? Katika kompyuta zinazotumia Windows, mchezo ukiwa unaendelea, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha lenye hesabu za asilimia. CPU ni prosesa. GPU ni kadi ya picha. Kumbukumbu ikikaribia 100, jukwaa limejaa, na kompyuta inakimbia ghalani kila mara. Funga programu nyingine, hasa kivinjari chenye kurasa nyingi. Diski ikikaa 100 na mchezo ukiganda kila unapofungua mahali papya, ghala ndilo linalochelewesha. Diski za zamani huzunguka kama sahani ya santuri. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, nayo ni ya haraka zaidi. Kuibadilisha mara nyingi ni nafuu kuliko kununua kompyuta nzima.

La tano, kwa msimamizi na mwashi. Fungua mipangilio ya mchezo, upunguze ukubwa wa picha kutoka nukta 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Nukta zinapungua kutoka 2,073,600 hadi 921,600, yaani chini ya nusu. Mchezo ukipata mbio, kadi ya picha ndiyo iliyoelemewa. Usipobadilika, mshuku prosesa, hata kama hesabu yake ni ndogo. Kwa nini? Prosesa za leo zina viini vingi. Kiini kimoja chaweza kuelemewa huku vingine vimekaa, na jumla ikaonyesha 30 tu.

Shikeni sana kanuni hii: badilisha jambo moja tu, jaribu, andika. Ukibadilisha mambo matatu pamoja na mchezo ukapona, hutajua dawa ni ipi. Chora safu mbili katika daftari: "Nilichobadilisha" na "Kilichotokea". Ukilazimika kwenda kwa fundi, nenda na daftari hilo. Fundi akisema, "Nunua kadi mpya," utaweza kumwuliza, "Mbona nilipopunguza picha mchezo haukubadilika?" Mtu mwenye maandishi hauziwi mbuzi kwenye gunia.

MASWALI YA DARASA

1. Sinema huonyesha picha ngapi kila sekunde?
2. Mchezo ukichoka baada ya robo saa, utashuku nini kwanza?
3. Kwa nini tunabadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja?
4. Kokotoa: 1280 mara 720.

Jibuni katika madaftari yenu, kisha mwalimu atasahihisha. Kwaherini, wasikilizaji.