Majambazi wa Bohemia Mjini Sydney

Ukumbi wa Theatre Royal ulipofunguliwa mjini Sydney tarehe 5 Oktoba 1833, koloni la New South Wales bado lilikuwa likipokea meli za wafungwa kutoka Uingereza. Mchezo uliochaguliwa kwa usiku huo ulihusu majambazi. Uliitwa The Miller and His Men, kazi ya Isaac Pocock iliyoigizwa kwanza London mwaka 1813. Grindoff ni msaga unga wa Bohemia ambaye kwa siri anaongoza genge la wanyang'anyi. Anamtamani Claudine, binti wa mzee maskini. Kijana Lothair anajipenyeza gengeni ili amwokoe. Mwishowe Ravina, mwanamke aliyechoshwa na maovu hayo, anawasha baruti na kinu kizima kinalipuka.

Hiyo ndiyo melodrama. Mwovu hana cha kumtetea, msichana hana doa, muziki unamtangaza kila mmoja kabla hajafungua kinywa, na haki lazima itendeke kabla pazia halijashuka, hata kwa baruti. Muziki huo haukuwa pambo tu. Sheria ya London iliruhusu majumba machache tu kuigiza tamthilia za maneno matupu, hivyo majumba madogo yalichanganya maneno na nyimbo, ishara na vishindo ili yasifungwe. Mtindo ukapendwa, ukavuka bahari kama vitabu vilivyochapishwa ndani ya masanduku ya abiria.

Mwenye ukumbi, Barnett Levey, naye alikuwa na kisa chake cha kinu. Alifika Sydney mwaka 1821 akiwa mtu huru, akamfuata kaka yake Solomon, aliyeletwa kama mfungwa na baadaye akawa mfanyabiashara tajiri. Barnett alijenga jengo kubwa katika barabara ya George, akaweka kinu cha upepo juu yake, jambo lililomchukiza Gavana Ralph Darling. Alipotaka kuongeza ukumbi wa maigizo, serikali ilipitisha sheria mwaka 1828 ya kutaka kila onyesho la hadhara liwe na leseni. Levey hakuipata, na madeni yakambana.

Hofu ya watawala kuhusu maigizo ilikuwa na historia. Mwaka 1796 Robert Sidaway, aliyeletwa kama mfungwa, alifungua jumba la maigizo ambako mtu asiye na fedha aliweza kulipa kiingilio kwa unga, nyama au pombe. Watu walipokuwa wakitazama mchezo, wezi waliiba katika nyumba zao. Jumba hilo halikudumu.

Gavana mpya, Richard Bourke, alikuwa mwepesi zaidi wa kusikiliza. Levey alipata leseni, na tarehe 26 Desemba 1832 onyesho lake la kwanza la tamthilia lilifanyika katika ukumbi wa hoteli yake ya barabara ya George. Mchezo ulikuwa Black-Eyed Susan wa Douglas Jerrold, uliovuma London kuanzia mwaka 1829. Baharia William anampiga nahodha wake kwa kumtetea mkewe Susan. Mahakama ya kijeshi inamhukumu kifo. Kamba ikiwa tayari, inagundulika kwamba barua ya kumwachisha kazi ilikuwa imeshatolewa kabla ya tukio. Kumbe hakumpiga mkubwa wake, alimpiga mwanamume tu.

Huko London hiyo ilikuwa hadithi tamu. Lakini kwa Sydney, mji uliojaa watu waliowahi kusimama kizimbani, barua inayofuta hukumu ilikuwa jambo ambalo mtu angeweza kuliota kila usiku. Hapo ndipo nguvu ya michezo hii ilipokuwa, na wakosoaji wanaoicheka kwa machozi yake mengi wanalisahau hilo.

Leseni ya Levey, hata hivyo, ilimfunga kwenye michezo iliyokwisha kupitishwa Uingereza. Wanyang'anyi wa Bohemia waliruhusiwa. Wale wa vichaka vya New South Wales, ambao kila mtu aliwajua kwa majina, hapana. Huko Hobart, katika koloni jirani, Henry Melville alifanikiwa kuonyesha The Bushrangers mwaka 1834, mchezo uliowaweka wahalifu wa huko huko jukwaani.

Jukwaa la Levey lilizaa nyota pia. Eliza Winstanley, binti wa mchoraji wa mandhari za jukwaani, alianza hapo mwaka 1834 katika Clari, kisa cha msichana aliyerubuniwa na bwana mkubwa. Baadaye aliigiza London na kuandika riwaya.

Levey alifariki mwaka 1837, na ukumbi wake ukateketea kwa moto mwaka 1840. Vikwazo vya namna nyingine vilibaki. Mwaka 1844 The Currency Lass, mchezo wenye nyimbo kuhusu vijana waliozaliwa kolonini, uliigizwa Sydney katika ukumbi mwingine bila jina la mwandishi kutangazwa. Mwandishi huyo, Edward Geoghegan, alikuwa mfungwa, na wafungwa walikatazwa kujihusisha na maigizo.