Kasuku Wadogo Nyumbani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua

Mkulima aishiye karibu na Ziwa Naivasha huwajua vizuri kasuku wadogo wenye mwili wa kijani, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka macho. Huruka makundi makundi wakipiga kelele, na hulala katika matundu ya miti mikavu. Dume na jike hukaa bega kwa bega mchana kutwa wakichambuana manyoya, na kwa sababu hiyo Wazungu waliwaita ndege wapendanao. Siku hizi watu wengi hupenda kuwafuga nyumbani, na watoto wakiwaona hawana raha mpaka baba anunue.

Ndege mwenyewe ni mdogo. Urefu wake ni kama sentimita 15 na uzito wake gramu 50 hivi, yaani hafikii uzito wa yai kubwa la kuku. Basi mtu hudhani kwamba ndege wa namna hii hawezi kuleta hasara. Dhana hiyo si kweli. Kasuku mdogo aliyenunuliwa bila kujua atokako aweza kuleta ugonjwa utakaomaliza kuku wote wa boma. Soma kwanza habari hizi, kisha uamue.

ASILI YAO

Kasuku wa uso wa chungwa kwao ni kaskazini mwa Tanzania, toka Serengeti hata kusini ya Ziwa Victoria. Yuko na ndugu yake, mwenye kichwa cheusi na kola ya manjano, ambaye naye kwao ni Tanzania. Hapa Kenya waliletwa na watu. Wengine walitoroka au wakaachiliwa, wakazaana. Huko Naivasha namna hizi mbili zimechanganyika, na wengi unaowaona ni machotara.

Mwaka 1987 kasuku wa uso wa chungwa ndiye aliyeongoza kasuku wote wa mwitu waliouzwa katika biashara ya dunia. Makundi yake yakapungua sana, na baadaye biashara hiyo ikafungwa. Jambo kama hilo lilitokea Guyana, Amerika ya Kusini, ambako konua, kasuku mdogo wa rangi ya manjano kama jua, alitegwa na kuuzwa mpaka akawa adimu katika nchi yake mwenyewe.

SHERIA YASEMAJE?

Ndege wa mwitu si mali ya yeyote atakayemtega. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, hapana ruhusa kumtega wala kumfuga bila kibali. Kwa hiyo mtu akija mlangoni na kasuku ndani ya kikapu, usinunue, hata bei ikiwa ndogo.

Ukitaka kufuga, nenda kwanza katika ofisi ya Shirika la Wanyamapori (KWS) iliyo karibu nawe. Uliza ni kibali gani unachohitaji. Kisha tafuta mfugaji mwenye kibali, ambaye ndege wake wamezaliwa kizimbani. Tazama mguu wa ndege. Wafugaji wengi wazuri huvisha kinda pete nzima isiyo na kiungo akiwa na siku chache tu. Pete hiyo haiwezi kupita katika mguu wa ndege mzima, kwa hiyo ni dalili nzuri kwamba hakutegwa porini.

HATARI KWA KUKU

Kila mwenye kuku aujua ugonjwa wa Newcastle, ambao wengine huuita kideri. Kasuku naye aweza kuupata. Ubaya ni huu: kasuku aweza kuonekana mzima, anakula na kupiga kelele, huku akitoa vijidudu vya ugonjwa katika mavi yake kwa muda mrefu, hata kupita mwaka.

Mwaka 1971 ugonjwa huo uliingia California, nchini Marekani. Ulipochunguzwa, ilionekana kwamba uliletwa na kasuku walioingizwa kutoka nchi za nje. Mpaka ulipokomeshwa, ndege karibu milioni 12 walikuwa wameuawa, wengi wao kuku wa mayai, na serikali ilikuwa imetumia dola milioni 56. Ikiwa nchi tajiri ilipata hasara hiyo, je, mkulima mwenye kuku 30 atapona?

Basi shika kanuni hizi:

1. Usinunue ndege usiyejua atokako. Hii ndiyo kanuni kubwa, maana ndege mwenye kubeba ugonjwa huenda asionyeshe dalili yoyote.

2. Ndege mgeni mtenge peke yake kwa siku 40. Akionekana mgonjwa, mwite afisa wa mifugo.

3. Kizimba kiwe mbali na banda la kuku. Usiwatupie kuku mabaki ya chakula cha kasuku, wala usitumie vyombo vyao kwa pamoja.

4. Nawa mikono kwa sabuni kila utokapo kwa kasuku, kabla ya kwenda kwa kuku.

5. Kuku wako wachanjwe. Chanjo ya tone la jichoni ni rahisi, nayo hurudiwa kila baada ya miezi michache kama afisa wa mifugo atakavyokueleza.

KIZIMBA

Kizimba cha jozi moja kiwe na urefu wa mita moja, na upana na kimo cha nusu mita. Usikitengeneze kwa mbao tupu, kwa sababu kasuku hutafuna mbao mpaka atoke. Tumia waya, na nafasi kati ya waya na waya isizidi sentimita moja na robo. Waya mpya uliopakwa zinki uoshwe kwa siki na brashi, usuguliwe vizuri, kwani unga wa zinki ni sumu kwa ndege. Weka vijiti vya mkaratusi ambavyo havikunyunyiziwa dawa. Watavikalia na kuvitafuna.

Usikiweke kizimba jikoni. Mapafu ya ndege ni dhaifu kuliko yetu. Moshi wa kuni na hewa ya makaa humwua upesi. Pia sufuria za kisasa zisizoshika chakula zikipata moto mwingi hutoa hewa ambayo mtu haisikii, lakini ndege hufa kwa dakika chache.

CHAKULA

Wape wimbi, mtama na uwele, na mbegu chache tu za alizeti, maana zina mafuta mengi. Ongeza kila siku majani mabichi kama sukuma wiki, kipande cha karoti, au mahindi mabichi. Maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa na kupondwa humpa jike chokaa ya kutengenezea mayai. Maji yabadilishwe kila siku.

Usiwape parachichi kamwe. Tunda hilo tunalolima na kulila sisi ni sumu ya kuua kwa kasuku. Usiwape nafaka yenye ukungu, kwa kuwa sumu ya kuvu inayodhuru watu humdhuru ndege vilevile. Chumvi, kahawa na chokoleti pia ni mwiko.

KUZALISHA

Dume na jike hawatofautiani kwa rangi. Ukinunua wawili na ukapata mayai manane au kumi katika kiota kimoja, wala lisianguliwe hata moja, yamkini umenunua majike wawili. Mwombe mfugaji jozi ambayo imekwisha kuzaa, au iliyopimwa.

Wasizae kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Watengenezee sanduku la mbao la sentimita 20 kila upande, lenye tundu la sentimita 5. Wape maganda makavu ya mahindi na magome laini. Jike huyakata vipande virefu, akavichukua kwa mdomo na kujenga kiota mwenyewe. Hutaga mayai manne mpaka sita, huku akipumzika siku moja kati ya yai na yai. Huyalalia siku 23 hivi, na dume humlisha. Makinda hutoka kiotani wakiwa na wiki sita, lakini usiwatenge mpaka wiki mbili zaidi zipite, wajue kula wenyewe. Baada ya kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka, ondoa sanduku ili jike apumzike.

AFYA YA WATU

Yako maradhi yaitwayo homa ya kasuku. Huingia kwa kuvuta vumbi la mavi makavu ya ndege mgonjwa. Huanza na homa, kichwa na kikohozi, na huweza kuharibu mapafu. Dawa yake ipo, lakini daktari hawezi kuitambua upesi usipomwambia kwamba unafuga kasuku. Unaposafisha kizimba, nyunyiza maji kwanza ili vumbi lisiruke, na ufunike pua na mdomo.

FIKIRI MBELE

Kasuku mdogo akitunzwa vizuri huishi miaka 10 mpaka 15. Mtoto aliye darasa la kwanza leo huenda akamaliza shule ya sekondari na ndege bado yuko. Ni nani atakayemlisha mtoto akienda bweni? Ukichoka naye, usimwachilie porini, maana atapigania matundu ya miti na ndege wenyeji, au afe kwa njaa. Mrudishe kwa mfugaji, au uwaulize KWS.

Kama hayo yote unaweza kuyatimiza, fuga. Utapata ndege mchangamfu na watoto watajifunza utunzaji. Kama huwezi, waache wakae katika miti yao. Kuwatazama hakuhitaji kibali, wala hakuhatarishi kuku wako.