Mtoto mwenye ulemavu asipimwe kwa nambari ya darasani

Kwa miaka mingi, mzazi katika Kaunti ya Kakamega aliyepokea ripoti ya mwanawe mwishoni mwa muhula alitazama kwanza nambari aliyoshika darasani. Kwa mzazi wa mtoto mwenye ulemavu wa akili au usonji, nambari hiyo haikueleza lolote. Mtoto aliweza kushika mkia mihula yote mitatu ilhali mwaka uo huo alikuwa amejifunza kufunga vifungo vya shati, kutaja jina lake na kuhesabu hadi 10.

Ndiyo sababu elimu maalum ina kipimo chake: mwanafunzi hulinganishwa na jinsi alivyokuwa jana, wala si na mwenzake.

Kazi hiyo huanzia katika vituo vya kutathmini watoto, maarufu kama EARC, ambavyo serikali ilianza kuvifungua mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmark. Huko, mtoto hupimwa uwezo wa kusikia, kuona na kuelewa mambo, kisha mzazi akashauriwa kuhusu shule inayomfaa.

Baada ya hapo, mwalimu na mzazi huandaa mpango wa masomo wa mtoto huyo pekee. Mpango mzuri hueleza mambo matatu: anachoweza kufanya sasa, anachotarajiwa kufanya na jinsi atakavyopimwa. Lengo la “kuimarika katika kusoma” halifai, kwani walimu wawili wanaweza kulibishania. Bora kuandikwa kwamba kufikia mwisho wa muhula atasoma maneno 10 ya silabi mbili bila kusaidiwa, siku nne kati ya tano.

Kisha kila siku mwalimu huandika tarehe, zoezi na kiasi cha msaada uliohitajika: je, mtoto alishikwa mkono, alielekezwa kwa maneno au alifanya peke yake? Akitoka hatua moja hadi nyingine, hayo ni maendeleo hata kama hakupata alama yoyote. Rekodi zisipobadilika kwa wiki kadhaa, kinachopaswa kubadilishwa ni mbinu ya kufundisha. Mtoto hastahili kulaumiwa.

Umuhimu wa rekodi hizo umeongezeka chini ya mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019. Wanafunzi wasioweza kufuata mkondo wa kawaida husoma kwa viwango, kuanzia msingi, cha kati, cha kuandaliwa kwa ufundi hadi cha ufundi wenyewe. Wanafunzi wa kiwango cha kati wana tathmini yao ya kitaifa, KILEA, inayosimamiwa na Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC. Kwa kuwa wanafunzi hawa hupanda kwa kadiri ya uwezo wao, bila rekodi hakuna msingi wa kuamua nani yuko tayari kupanda.

Hata hivyo, rekodi inayofungiwa kabatini haimsaidii mtoto. Mzazi asiyejua kusoma anapaswa kusomewa ripoti na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa, Kiswahili au Kiluhya. Mtoto kiziwi anayesomea shule ya bweni mjini Mumias, kwa mfano, hurudi nyumbani likizoni akiwa na ishara mpya ambazo huenda jamaa zake hawazifahamu. Ripoti inafaa kuwaonyesha ishara hizo ili aliyojifunza yasipotee.

Vivyo hivyo, anayejifunza kuhesabu atumwe dukani na sarafu chache, na mzazi amjulishe mwalimu yaliyotokea.

Tahadhari pia ni muhimu. Faili hiyo hubeba siri za afya ya mtoto, hivyo haifai kusomwa mbele ya wazazi wengine. Lakini mtoto anapohama, kutoka Butere hadi Lugari tuseme, ni sharti imfuate. Ikiachwa nyuma, mwalimu mpya huanza upya, na mtoto aliyekwisha kujua kuandika jina lake hurudishwa kutunga shanga.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu. Haki hiyo haitimii kwa mtoto kuketi darasani tu. Mzazi ana kila sababu ya kumuuliza mwalimu kila muhula: mwanangu ameweza nini kipya, anafuata nini, na nyumbani tumsaidie vipi?