Wazazi Waelezwe Kwanza, Sindano Ifuate

Miongoni mwa abiria wanaovuka bahari kutoka Unguja na Pemba kwenda Dar es Salaam, kwa miaka mingi wamekuwamo akina mama wasiokwenda harusini wala dukani. Mkobani mwao mna kanga mbili tatu na cheti cha daktari, na safari yao huishia Ocean Road, kwenye taasisi ya matibabu ya saratani. Wengi hufika wakiwa wamechelewa, kwani saratani ya mlango wa kizazi haipigi hodi. Hukua kimya kimya, na damu inapoanza kutoka pasipo wakati wake, mara nyingi maradhi huwa yamekwisha kuota mizizi.

Jambo hili si dogo. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 nchini Tanzania walipatwa na maradhi haya, na zaidi ya 6,000 walifariki dunia. Ndiyo maana tunaona ni wajibu wetu kuzungumza leo juu ya chanjo inayoyazuia. Tunaamini kwamba wazazi wengi wanaoikataa hawaikatai kwa ukaidi, bali kwa sababu hawakuelezwa wakaelewa.

Tofauti na saratani nyingi, hii ina chanzo kinachojulikana. Karibu yote husababishwa na virusi viitwavyo HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Profesa Harald zur Hausen wa Ujerumani, ambaye yeye na wenzake walizigundua aina mbili hatari za virusi hivyo katika miaka ya 1983 na 1984, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina hizo, ya 16 na ya 18, ndizo zinazoleta takriban asilimia 70 ya saratani hii. Wengi wanaoambukizwa hupona wenyewe bila ya kujua. Lakini kwa baadhi yao virusi hubakia mwilini, na baada ya miaka 15 hadi 20 huweza kuleta saratani. Kwa mwenye kinga dhaifu, muda huo huwa mfupi zaidi.

Hapo ndipo lilipo jibu la suali ambalo wazazi huliuliza sana: kwa nini achanjwe mtoto wa miaka 9? Chanjo hukinga, haitibu. Kazi yake ni kuufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaingia. Watu wa pwani wanajua kwamba chombo hutiwa kalafati kikiwa nchi kavu, si kikiwa katikati ya mkondo. Kumchanja binti si kumdhania ubaya, wala si kumpa ruhusa ya upotovu. Binti aliyetunzwa na wazee wake, akaolewa kwa heshima na asitoke nje ya ndoa yake, aweza kuambukizwa na mumewe, ambaye naye huenda hajui kwamba anavyo virusi hivyo.

Wapo pia wanaosema kwamba sindano hii huondoa uzazi. Maneno hayo hayana msingi. Chanjo imetengenezwa kwa mfano wa ganda tu la virusi, na ndani yake hamna kitu kinachoweza kuzaliana wala kuleta maradhi. Tangu ilipoidhinishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2006, mamia ya mamilioni ya sindano yametolewa duniani, na uchunguzi haukuonyesha kwamba inazuia kuzaa. Mkono waweza kuuma, homa ndogo au kizunguzungu vyaweza kutokea, navyo hupita. Kinachoondoa uzazi ni saratani yenyewe, pamoja na upasuaji na mionzi ya kuitibu. Huko Scotland, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024 haukumkuta hata mgonjwa mmoja wa saratani hii miongoni mwa wanawake waliochanjwa wakiwa na umri wa miaka 12 au 13.

Nchini kwetu chanjo hii ilianza kutolewa kwa taifa zima mwezi wa Aprili 2018, sindano mbili kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikawa sindano moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wapo waliodhani kwamba imepunguzwa kwa uhaba. Sivyo. Utafiti uliofanywa Mwanza kwa wasichana 930, na mwingine uliofanywa Kenya kwa wanawake vijana 2,275, umesaidia kuonyesha kwamba sindano moja hutoa kinga madhubuti. Wenye kinga dhaifu ndio wanaoshauriwa kupata zaidi ya moja.

Sasa tunawageukia viongozi. Barua inayomfikia mzazi asubuhi ya siku ya chanjo si maelezo, na mzazi anayemficha binti yake siku hiyo hastahili kulaumiwa peke yake. Masheha, walimu wakuu na maafisa wa afya wa wilaya wawaite wazazi mapema, akina baba wakiwamo, na awepo muuguzi wa kujibu kila suali bila ya kumdharau muulizaji. Visiwa vidogo kama vile Tumbatu, Kojani na Kisiwa Panza visiachwe nyuma. Chanjo hii hutaka kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo mashua na sanduku la barafu viwe tayari kabla ya siku yenyewe. Wasichana wasiokwenda skuli nao watafutwe, kwani wasipohesabiwa madarasani hawatachanjwa.

Akina mama nao wasidhani kwamba sindano ya binti inawatosha wao. Waliofikia miaka 30, au miaka 25 kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wapimwe. Kipimo cha siki huchukua dakika chache, na dalili za mwanzo zikionekana hutibika kabla hazijawa saratani.

Shirika la Afya Duniani limezitaka nchi zote zifikishe chanjo hii kwa wasichana 90 katika kila 100 ifikapo mwaka 2030. Sisi visiwani tunaweza kuifikia hesabu hiyo, ikiwa kila mzazi atajibiwa suali lake kabla binti yake hajakunjuliwa mkono wa nguo. Serikali imeleta sindano. Iliyobaki ni kazi ya kuzungumza na wananchi, nayo ianze sasa.