Programu za kale: Zitunzwe au ziachwe?

WATUMIAJI wa kompyuta wanaotegemea programu zilizotungwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wamebakiwa na njia chache, baada ya kampuni ya Microsoft kuhitimisha msaada wa kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10, Oktoba 14, 2025.

Windows 10 ya biti 32 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuweza kuendesha programu za biti 16, zikiwamo za DOS na zile za Windows 3.1 ya mwaka 1992. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, hutolewa kwa biti 64 pekee na huzikataa.

Faili ya programu huwa na mpangilio maalumu unaouonyesha mfumo endeshi maelekezo yanaanzia wapi na yawekwe sehemu gani ya kumbukumbu. Mfumo usioufahamu mpangilio huo huikataa faili, hata kama haina kasoro.

Wanaotaka mipangilio ya kale iendelee kukubaliwa wana hoja nzito. Mtambo wa kiwandani au kifaa cha maabara huweza kutegemea programu ambayo mtunzi wake hayupo tena, na gharama ya kuibadili humwangukia mtumiaji.

Hata hivyo, mlango wa zamani unaoachwa wazi huhitaji mlinzi. Januari 2010, mtaalamu wa usalama Tavis Ormandy alitangaza udhaifu katika sehemu ya Windows inayoendesha programu za biti 16. Udhaifu huo, uliokuwapo tangu Windows NT ya mwaka 1993, uliweza kumpa mtumiaji wa kawaida mamlaka kamili juu ya kompyuta.

Aidha, Microsoft si ya pekee. Apple iliziacha programu za biti 32 katika macOS Catalina ya mwaka 2019. Nayo Linux, katika toleo la 5.19 la mwaka 2022, iliuondoa mpangilio wa a.out kwa kompyuta za jamii ya Intel. Mpangilio huo wenye asili katika Unix ya miaka ya 1970 ulikuwa umekwisha kupisha ule wa ELF tangu miaka ya 1990.

Ipo njia ya kati. Programu kama DOSBox, iliyoanza mwaka 2002, huiga kompyuta ya zamani ndani ya mpya, hivyo mzigo wa ukale hutoka katika kiini cha mfumo endeshi. Lakini uigaji huo hautoshi daima pale programu inapoamrisha mtambo moja kwa moja kupitia kadi au tundu la kizamani.

Kwa hiyo, ofisi yenye programu ya aina hiyo haina budi kuijaribu ndani ya kiigaji na kuhamishia kumbukumbu zake katika faili zinazosomeka kwingine, kabla kompyuta ya zamani haijazimika moja kwa moja.